Kigari cha gofu chenye plau: msicheke kwanza



Nimekuwa kimya wiki mbili hizi, kazi za chumba cha habari zimenibana. Leo nina picha moja ya kuwasimulia kwa maneno, maana mwenyewe amenikataza kuibandika.

Kaka yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, anabeba boksi huko Minnesota, Marekani. Kazi yake ni kutunza bustani na njia kwenye makazi ya wazee. Kwenye picha amekaa ndani ya kigari cha gofu, vile vigari vyeupe vya kubebea wakubwa na fimbo zao. Amevaa makoti mawili na kofia inayofunika masikio. Mbele ya kigari pamefungwa bapa la chuma lililopinda, upana wake kama mlango uliolazwa, na mbele ya bapa kuna theluji imefika magotini.

Nilicheka mpaka nikawaita wenzangu waje waone. Nikamwandikia: "Shikamoo kaka. Hiyo ni bajaji ya kulimia?"

Akajibu: "Marahaba. Cheka tu mdogo wangu, wewe hujashika beleshi saa kumi na moja alfajiri huku ndevu zinaganda."

Jibu hilo likanitoa kwenye utani, nikaenda kusoma. Nilidhani nitakuta habari za mafundi na vyuma, nipate cha kuchekesha ukurasa mmoja hivi. Nilichokuta ni ugomvi wa zaidi ya miaka 160 ambao bado haujaisha: theluji ikianguka, nani afunguliwe njia kwanza? Na kile kigari cha kaka, kwa jinsi kilivyo kichekesho, kimo katikati ya ugomvi huo.

Kabla sijaenda mbali, neno moja kuhusu lugha. Theluji tunayo kwenye Kiswahili, tumeichukua kwa Waarabu, lakini chombo cha kuisukuma hatukuwa na sababu ya kukipa jina. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe juu ya Kilimanjaro, kiongozi wake wa safari aliuita baridi tu, basi. Kwa hiyo mimi nitasema plau la theluji. Aliyelima na ng'ombe Shinyanga au Mbeya atanielewa: ni bapa la chuma lililopinda, linasukuma kitu pembeni. Tofauti ni kwamba la shambani linazama ardhini, la theluji linatakiwa lisiiguse ardhi kabisa, au liiguse kidogo mno.

Sasa hesabu. Sisi tunaoiona theluji kwenye filamu tunadhani ni kama pamba. Chukua njia ya gari ya nyumba ya kawaida, kutoka barabarani mpaka mlangoni: upana meta 3, urefu meta 20. Theluji ikianguka sentimeta 20, hapo una meta za ujazo 12. Theluji mpya na kavu inaweza kuwa na uzito wa kilo 100 hivi kwa meta moja ya ujazo. Kwa hiyo mwenye nyumba anaamka asubuhi na kukuta tani moja na kilo 200, yaani mifuko 24 ya saruji, imelala kati yake na kazini. Ikiwa theluji imelowa, uzito unaweza kufika mara tatu ya huo. Mifuko 72! Na yote ihamishwe kwa beleshi, na mtu aliyetoka usingizini, kwenye baridi inayobana mishipa ya damu.

Watu wanakufa kwa kazi hii. Watafiti wa Marekani walipitia takwimu za mwaka 1990 hadi 2006 wakakuta kwamba kila mwaka watu wapatao 11,500, kwa wastani, walifikishwa hospitali baada ya kuzoa theluji. Wengi ni migongo na kuanguka. Lakini vifo katika miaka hiyo 17 vilikadiriwa kuwa 1,647, na vyote vilikuwa vya moyo. Kule Quebec, Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulitazama kumbukumbu za hospitali za kuanzia mwaka 1981 hadi 2014 ukaona kwamba siku inayofuata theluji kubwa, wanaume wanaopatwa na shambulio la moyo huongezeka. Wanawake hawakuongezeka. Watafiti walihisi sababu ni beleshi, kwamba wanaume ndio wanaotoka nje kulishika.

Na usidhani mtu anaweza kuamua tu kubaki ndani. Miji mingi ya Marekani inamlazimisha mwenye nyumba kusafisha njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya nyumba yake. New York, kwa mfano, theluji ikikoma mchana una saa 4, la sivyo faini. Mzee wa miaka 75, mwenye presha, ana saa 4.

Turudi nyuma tuone ilikuwaje.

Zamani, kabla ya magari, watu wa nchi za theluji hawakuwa na haja ya kuiondoa. Walikuwa wanaipenda! Farasi walivuliwa mikokoteni ya magurudumu wakafungwa sleji zinazoteleza, na sleji inataka theluji iliyoshindiliwa vizuri. Kwa hiyo miji ya kaskazini mashariki ya Marekani iliajiri watu wa kuishindilia barabarani kwa mapipa makubwa ya mbao yanayokokotwa na farasi, kama vile sisi tunavyoshindilia kifusi. Kulikuwa na madaraja yenye mapaa, na chini ya paa theluji haianguki. Basi mtu alilipwa kuibeba na kuitandaza juu ya daraja ili sleji zipite. Niliposoma hapo nilisimama kidogo nikacheka peke yangu. Kumbe adui wa leo alikuwa lami ya jana.

Mijini hali ilikuwa tofauti. Watu wamebanana, mikokoteni mingi, biashara haisubiri. Hataza za plau la theluji zilianza kutolewa Marekani miaka ya 1840, lakini plau kutumika kwenye barabara za mji kunatajwa Milwaukee mwaka 1862. Lilikuwa plau lililofungwa kwenye mkokoteni, mkokoteni ukakokotwa na farasi. Naomba mkae na picha hiyo kichwani. Kitu cha kwanza kabisa kilikuwa hicho hicho alicho nacho kaka yangu: mkokoteni mdogo uliotengenezwa kwa kazi nyingine, ukafungiwa bapa mbele.

Plau lilipendwa, miji mingine ikaiga, na malalamiko yakaanza hapo hapo. Kwa sababu plau haliondoi theluji. Linaihamisha tu. Barabara kuu ikawa safi, lakini pembeni kukawa na ukuta. Wenye maduka wakalia kwamba wateja hawafiki mlangoni, na wengine walikwenda mpaka mahakamani. Waenda kwa miguu wakalazimika kupanda milima ya theluji iliyopondwa na kuchafuka. Wenye sleji nao wakalalamika kwamba barabara imebaki vipara. Ikabidi miji iajiri watu wenye mabeleshi na mikokoteni wafuate nyuma ya plau, wazoe lile tuta na kwenda kulimwaga mtoni.

Hilo tuta ndilo ninalotaka mlifuatilie katika hadithi yote hii. Wamarekani wa leo bado wanalilalamikia. Unaamka alfajiri, unazoa njia yako mpaka barabarani, jasho linakutoka ndani ya koti, unamaliza, unarudi ndani kunywa chai. Plau la halmashauri linapita. Linasafisha barabara vizuri sana, na kuziba mdomo wa njia yako kwa tuta la theluji iliyoshindiliwa, nzito kuliko ile uliyoizoa.

Mwaka 1888, mwezi Machi, ilikuja dhoruba iliyoishangaza New York. Zaidi ya nusu meta ya theluji iliangukia mji, na upepo ukairundika mpaka kwenye madirisha ya ghorofa za juu. Watu wapatao 400 walikufa upande ule wa mashariki ya nchi, nusu yao katika mji wa New York peke yake. Mmoja alikuwa Roscoe Conkling, aliyewahi kuwa seneta, ambaye alitembea kwa miguu kutoka ofisini kwake Wall Street katikati ya dhoruba, akaugua na kufariki mwezi uliofuata. Plau za farasi hazikufua dafu. Dhoruba hiyo ni moja ya sababu zilizousukuma mji ule kuzika nyaya chini na kujenga reli ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka 1904.

Halafu likaja gari, na mambo yote yakageuka. Gari haliwezi kupita juu ya theluji kama sleji, linataka barabara tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Carl Frink wa Clayton, jimbo la New York, alikuwa akitengeneza plau za kufunga kwenye magari, na mwaka 1923 ndugu wawili wa Norway, Hans na Even Øveraasen, walitengeneza la kwao. Arthur Sicard wa Quebec akaja na mashine ya kuitafuna theluji na kuirusha mbali; aliiunda mwaka 1925 na kuiuza ya kwanza mwaka 1927, kwa mji wa Outremont. Malori yakakua, bapa zikakua, tuta likakua.

Lakini vijijini hakuna lori lililofika. Hapa pana habari inayouma. Joseph-Armand Bombardier alikuwa fundi mwenye gereji katika kijiji cha Valcourt, Quebec. Tangu ujana alikuwa na wazimu wa kuunda chombo cha kwenda juu ya theluji. Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, alichukua injini ya gari la Ford, akaifunga kwenye sleji pamoja na pangaboi kubwa nyuma, akaiendesha kijijini watu wakikimbia. Majira ya baridi ya mwaka 1934 mtoto wake Yvon, wa miaka 2, aliugua kidole tumbo. Barabara zilikuwa zimefungwa. Hospitali ipo, gari lipo, baba ndiye fundi wa magari, na njia hakuna. Mtoto akafa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1937, Bombardier alipata hataza ya mfumo wake wa gurudumu la meno linalozungusha mkanda, na akaanza kuuza B7, gari la watu 7 lenye mikanda nyuma na vitelezi mbele. Wanunuzi walikuwa madaktari, maposta, wenye mahoteli. Halafu mwaka 1948 serikali ya Quebec ikaamua kwamba barabara za vijijini nazo zisafishwe theluji, na mauzo ya Bombardier yakaporomoka. Ilibidi atafute kazi nyingine kwa mikanda yake, na mwaka 1959 akatoa Ski-Doo, ile pikipiki ya theluji tunayoiona kwenye filamu. Kampuni yake pia ilitengeneza trekta dogo jembamba la mikanda, lenye plau mbele, la kusafisha njia za waenda kwa miguu. Watu wa Montreal wanalifahamu sana, na wanalitukana pia, maana linapita kwa kasi na halimsubiri mtu. Lakini lilikuwa jibu kwa swali la tuta: mashine ndogo ya kupita pale ambapo lori haliingii.

Sasa siasa, na hapa ndipo mimi kama mwandishi wa gazeti nilipokaa sawa kwenye kiti.

Februari 1969 theluji ya sentimeta 38 hivi iliangukia New York. Meya John Lindsay, kijana mtanashati, kipenzi cha Manhattan. Manhattan ikasafishwa. Queens, ng'ambo ya mto, mitaa ikabaki imezikwa kwa siku nyingi, mingine karibu wiki nzima. Mashine nyingi za kuondoa theluji zilikuwa mbovu gereji. Watu 42 walikufa katika mji, nusu yao Queens. Lindsay alipoamua kwenda kuwaona wananchi, gari lake lilikwama, na alipofika alizomewa.

Kati ya wakazi wa Queens waliokwama alikuwamo Ralph Bunche, mkubwa kabisa wa Umoja wa Mataifa, mshindi wa Nobeli ya amani ya mwaka 1950. Alimpelekea meya simu ya maandishi, kali. Nimemtaja Bunche kwa sababu huyu ni mtu wetu kidogo: alipokuwa London miaka ya 1930 akijiandaa kuja kufanya utafiti Afrika, alisomeshwa Kiswahili na Jomo Kenyatta mwenyewe. Mwaka 1938 alifika Kenya. Basi mtu aliyesuluhisha Waarabu na Waisraeli, aliyefundishwa salamu na Mzee Kenyatta, alishindwa kutoka mtaani kwake kwa sababu plau halikuja. Kama yeye hakupata plau, fikiria mpangaji wa nyumba ya uani alipata nini.

Lindsay alishindwa kwenye kura za mchujo za chama chake mwaka huo, akaokolewa na tiketi ya chama kingine. Miaka 10 baadaye, Chicago, meya hakuokoka. Januari 1979 ilianguka zaidi ya sentimeta 50 kwa siku mbili, juu ya theluji nyingine iliyokuwapo tayari. Meya Michael Bilandic akasema mambo yako sawa wakati watu wanaona kwa macho yao hayako sawa. Kibaya zaidi, treni za mji ziliamriwa kuruka vituo kadhaa ili zifike haraka, na vituo vilivyorukwa vilikuwa vya mitaa ya watu weusi. Wamesimama jukwaani kwenye baridi, treni inapita na watu wa vitongoji vya mbali ndani yake. Februari 27 wakapiga kura. Jane Byrne akamshinda Bilandic ndani ya chama, na baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Chicago.

Wengi wanaisimulia hadithi ya Chicago kana kwamba theluji ndiyo iliyomwangusha meya. Mimi siamini. Theluji iliangukia kila mtu. Ratiba ya kuwatolea watu msaada ndiyo iliyomwangusha, ile karatasi iliyosema mtaa huu kwanza, ule baadaye.

Waswidi waliliangalia jambo hili kwa namna ambayo sikuwahi kuifikiria. Mji wa Karlskoga, mwaka 2011, ulipitia kazi zake zote ukijiuliza zinawahudumia nani. Mtu mmoja akatania kwamba angalau theluji haina mambo ya jinsia. Wakakaa wakahesabu. Kumbe ratiba ilianza na barabara kuu zinazopeleka magari makazini, na njia za miguu, za baiskeli na za shule zikawa mwisho. Wanaoendesha magari walikuwa wanaume zaidi. Wanaotembea, wanaosukuma mikokoteni ya watoto, wanawake zaidi. Gari linaweza kupita kwenye theluji ya sentimeta 8. Mama mwenye mkokoteni wa mtoto hawezi. Tena wanaoumia kwa kuteleza wengi ni waenda kwa miguu, na hospitali inalipia mifupa. Wakageuza ratiba. Stockholm nayo ikaiga, na Novemba 2016 ikapigwa na theluji kubwa ya ghafla, mji ukakwama, na wapinzani wakapata la kusema: mmeona mambo yenu ya usawa! Wenzao wakajibu kwamba theluji ilikuwa nyingi kuliko kawaida na kazi haikufanywa kama ilivyopangwa. Ubishi huo unaendelea.

Haya, nimewazungusha vya kutosha, turudi kwenye kigari.

Wakati serikali zinabishana kuhusu ratiba, watu wa kawaida walikuwa gereji wanachomelea. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, jipu za jeshi zikaanza kuuzwa kwa raia kuanzia mwaka 1945, na mkulima wa kaskazini alipoiona jipu aliona kitu kidogo, chenye nguvu kwenye magurudumu manne. Huko Rockland, Maine, mwishoni mwa miaka ya 1940, Dean Fisher alianza kutengeneza plau za kufunga kwenye jipu, na jina lake bado limeandikwa kwenye plau za njano zinazoonekana huko. Miaka ya 1970 na 1980 zikaja pikipiki za magurudumu matatu, kisha manne, za kuchezea mashambani. Nazo zikafungiwa bapa. Kila mara chombo kinapungua, na kila mara mtu anakaribia zaidi mlango wake.

Kigari cha gofu nacho kina historia yake, na ndiyo iliyonifanya niache kucheka. Asili yake hakikuwa cha michezo wala cha matajiri. Mwaka 1932 J. K. Wadley wa Texarkana aliona vigari vya umeme vya magurudumu matatu huko Los Angeles, vilivyokuwa vikiwabeba wazee kwenda dukani, akanunua kimoja akijaribu kwenye uwanja wa gofu. Merle Williams wa California alijifunza kuunda magari ya umeme wakati wa vita, petroli ilipokuwa kwa mgawo, na mwaka 1951 kampuni yake, Marketeer, ikaanza kutengeneza ya gofu. Mwaka 1954 ikaja E-Z-GO huko Augusta, Georgia. Wachezaji wa kwanza waliokitumia walionekana vilema au wavivu. Yaani ni chombo cha miguu iliyochoka, kabla hakijawa chombo cha fahari.

Na huko kaskazini, theluji ikianguka viwanja vya gofu hufungwa. Vigari hulala bandani miezi minne au mitano, na miezi hiyo ndiyo ile ile ambayo mzee hawezi kutoka nyumbani. Lazima mtu angefikiria.

Kaka aliniambia jinsi walivyokifunga, nami nimeongezea niliyoyasoma. Bapa walinunua la pikipiki ya magurudumu manne, upana wa sentimeta 120 hivi. Shida ya kwanza ni mahali pa kulifungia. Chesisi ya kigari haikuundwa kusukuma kitu. Mbele pana springi laini, bampa la plastiki na ahadi tu. Huwezi kulifunga kwenye bampa. Inabidi mikono miwili ya chuma ipite chini ya kigari mpaka katikati ya chesisi, au nyuma zaidi, ili nguvu ya msukumo ishukie kwenye uti wa mgongo na si kwenye pua. Chesisi ikiwa ya chuma, unachomelea. Kuna kampuni moja, Club Car, inayotumia aluminiamu. Hiyo fundi wa kawaida asiiguse na moto, ni bolti tu na bamba la kutandaza uzito.

Shida ya pili ni kuliinua na kulishusha. Wengine wanaweka wenzo wa mkono kama breki ya gari la zamani, wao walifunga winchi ndogo ya umeme. Bapa nalo lazima liwe na springi nyuma yake: likigonga jiwe au ukingo wa sementi uliofichwa na theluji, liiname lenyewe na kurudi. Bila hivyo dereva ndiye atakayeinama.

Shida ya tatu ni matairi. Tairi la kigari cha gofu limeundwa lisiumize majani, ni laini, halina meno. Kwenye barafu ni sabuni. Pia kigari kinasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na difu yake ya kawaida inapeleka nguvu kwa tairi inayoteleza, kwa hiyo moja linazunguka kama feni na lingine limetulia. Walifunga minyororo kwenye matairi ya nyuma na kuweka viroba vya mchanga. Hapo kigari cha umeme kina bahati: kile cha volti 36 kina betri sita chini ya kiti, kila moja kilo 28 hivi, jumla karibu kilo 170, na uzito wote huo uko karibu na ekseli ya nyuma, pale pale unapohitajika.

Lakini betri hizo hizo ndizo zinazosaliti. Betri ya risasi na tindikali inachukia baridi. Kwenye nyuzi 0 imeshapoteza kama sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, ambazo Minnesota ni Januari ya kawaida, inabaki nusu. Yaani kazi imeongezeka mara kadhaa na chakula kimekatwa nusu. Kwa hiyo huwezi kungoja theluji ikome ndipo utoke. Unatoka ikiwa sentimeta 5, unasukuma, unarudi kuchaji, unatoka tena. Ukisubiri ifike magotini kama kwenye ile picha, umechelewa. Kaka alikiri kwamba siku ile alichelewa.

Juzi Jumapili nilimpigia. Nikamuuliza swali nililokuwa nalo tangu nilipoanza kusoma: ukitoka na hicho kigari, unaanza na njia ya nani?

Akasema haijaandikwa popote, na bosi hajawahi kuuliza. Anaanza na nyumba ya mwisho kabisa, iliyo mbali na barabara. Kuna bibi anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, figo zimechoka, na gari la kumchukua hufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Dereva akikuta njia imefungwa anaondoka. Baadaye anafuata mzee mmoja mwenye moyo mkubwa ambaye akiona theluji mlangoni huchukua beleshi mwenyewe kwa ubishi, kwa hiyo lazima awahiwe kabla hajaamka. Ofisi anaimaliza mwisho.

"Na siku ile ya picha?" nikamuuliza.

Siku ile njia ya bibi aliimaliza, ya yule mzee akafika nusu, betri zikakata. Akashuka, akaimalizia kwa beleshi, kisha akakisukuma kigari kwa mikono mpaka bandani, mita 300 hivi, na yule mzee amesimama dirishani na kikombe cha kahawa anamwangalia.

"Naye alicheka kama wewe," akaniambia.